Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Maveterani wa Vita vya Kagera

Missenyi, Mkoa wa Kagera

Kwa Waheshimiwa mlio na dhamana ya ulinzi, afya, hazina ya Serikali na tawala za mikoa

YAH: MATUNZO YA ASKARI WASTAAFU NA MGAMBO WALIOPIGANA VITA VYA KAGERA, 1978–1979

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Sisi tunaoandika ni mafundi wa viungo bandia, wauguzi, na watoto wa wazee waliopigana vita vile. Hoja zilizomo humu tumekwisha kuziwasilisha kwa barua za kawaida, kuanzia ngazi ya kijiji kwenda juu. Barua zilipokelewa, zikagongwa muhuri, na majibu hayakuja. Tumeona tuziseme hadharani, kwa sababu wanaohusika hawana muda mrefu wa kusubiri.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, na siku chache baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia Taifa kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo na nia ya kumpiga tunayo. Vijana wakaitika. Mutukula ilichukuliwa Januari 1979, Masaka Februari, Lukaya ikapiganiwa Machi kwenye barabara iliyozungukwa na kinamasi, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili. Sehemu kubwa ya njia hiyo ilitembewa kwa miguu, mzigo mgongoni. Aliyekuwa na miaka 20 alipoitwa sasa ameshavuka 65, na wengi wao ni wakubwa zaidi ya hapo.

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, Taifa huwakumbuka waliolala kwenye makaburi ya mashujaa ya Kaboya na kwingineko. Tunaishukuru siku hiyo na hatuombi ipunguzwe. Hoja yetu inahusu walio hai na siku nyingine zote za mwaka: mguu unaochubua, dawa iliyokwisha, karatasi yenye jina lililokosewa, mradi wa kuku uliokufa wiki ya tatu. Mambo haya ni madogo ukiyatazama kutoka ofisini. Kwa mzee ndiyo maisha yenyewe.

1. Mguu bandia hutolewa mara moja, kigutu hubadilika miaka yote

Tunaanza na hili kwa sababu ndilo linaloharibika kwa njia inayozuilika kabisa.

Mguu wa chini ya goti unaotengenezwa hapa nchini kwa kawaida una soketi ya plastiki ngumu ya polipropilini, sponji laini ndani yake, bomba la kati, wayo wa mpira, na mkanda wa juu ya goti unaozuia usichomoke. Kuutengeneza si siri. Kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki baada ya kukatwa, hufungwa bendeji ya plasta kupata umbo lake. Umbo hilo hujazwa plasta ya maji na fundi hulirekebisha kwa mkono, akipunguza mahali panapobeba uzito na kuongeza mahali pasipotakiwa kubanwa. Bamba la polipropilini hulainishwa kwenye tanuri, nyuzi 180 hivi, na kuvalishwa juu ya umbo likiwa bado moto. Kisha sehemu huunganishwa, mzee husimama na kutembea kati ya vyuma viwili, na pembe ya wayo hurekebishwa hadi nyonga zikae sawa. Kwenye karakana yenye fundi na malighafi ni kazi ya siku chache pamoja na mazoezi ya kutembea.

Tatizo huja baadaye. Misuli ya kigutu husinyaa kadiri mtu anavyozeeka. Soketi iliyokuwa inashika vizuri inalegea, na kigutu kinapanda na kushuka ndani yake kila hatua. Mwanzoni mzee huongeza soksi: moja, mbili, tatu. Akishafika soksi nne au tano nene, umbo la soketi halilingani tena na mfupa, na uzito unahamia kwenye ncha ya mfupa wa muundi na kwenye kifundo kidogo cha mfupa wa nje chini ya goti. Hapo ndipo kidonda huanza. Kwa mwenye kisukari ambaye mishipa yake ya fahamu imekwisha kufa ganzi, kidonda hakiumi, kwa hiyo anaendelea kutembea. Akifika hospitali usaha umeshafikia mfupa, na anakatwa tena, safari hii juu ya goti. Mguu wa juu ya goti unataka nguvu nyingi zaidi za moyo na mapafu, na mzee wa miaka 70 mara nyingi hafaulu kuutumia. Anaishia kitandani. Chanzo cha yote ni soketi iliyolegea.

Mguu wa mtu mzima unapaswa kubadilishwa kila miaka mitatu hadi mitano. Wayo wa mpira kwenye kibanja chenye tope na mawe hupasuka mapema zaidi. Boliti inayoshika wayo hulegea na inahitaji kukazwa kwa ufunguo wa umbo la herufi L, kazi ya dakika mbili. Isipokazwa, tundu hupanuka na bomba zima huharibika. Wazee wanaokuja kwa mafundi wanafunga wayo kwa mpira wa tairi na waya.

Vipo vitu vinavyofanyika nyumbani ambavyo wengi hawakuwahi kuelezwa. Kigutu kioshwe jioni, kisioshwe asubuhi, kwa sababu maji hukivimbisha kidogo na mguu hautaingia vizuri. Kikaushwe kabisa. Kikaguliwe kila usiku kwa kioo kidogo, hasa nyuma na chini. Alama nyekundu isiyopotea baada ya dakika kumi ni onyo: mguu usivaliwe kesho yake hadi iishe. Soksi zibadilishwe kila siku, zifuliwe kwa sabuni ya kawaida na kusuuzwa hadi povu liishe, kwa sababu mabaki ya sabuni huchoma ngozi. Hivyo mtu mmoja anahitaji angalau soksi sita. Wengi wana mbili, nazo zimetoboka.

Magongo nayo yana madai yake. Raba ya ncha ikiisha, gongo huteleza kwenye saruji yenye maji na nyonga huvunjika. Gongo la kwapani liwe chini ya kwapa kwa upana wa vidole viwili au vitatu, na uzito ubebwe na viganja. Linaloegemewa kwapani hubana mishipa ya fahamu na mkono hufa ganzi. Hakuna anayempima mzee. Anapewa gongo lililopo.

Jibu ambalo tumekuwa tukilisikia ni kwamba wataalamu hawapo. Wapo. Chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha mafundi wa viungo bandia tangu miaka ya 1980, na wanafunzi hutoka nchi nyingine kuja kusoma hapo. Kinachokosekana ni mpango wa kumpeleka fundi kule mzee aliko. Anayeelekezwa Mwanza kutoka Missenyi husafiri zaidi ya kilomita 400 kwa mguu uleule unaomchubua. Fundi mmoja mwenye gari, bendeji za plasta, soksi, raba za magongo, mikanda na nyayo za akiba anaweza kupima wazee wa wilaya nzima katika ziara moja, kurudi na vipimo karakanani, na kurejea na miguu mipya.

2. Masikio

Askari wa mizinga na wa roketi za milimita 122, zile Waganda walizoziita Saba Saba, walikaa karibu na milipuko mikali kuliko kiwango cha desibeli 140 ambacho sikio huanza kuumia papo hapo. Uharibifu wa aina hiyo huanzia kwenye sauti nyembamba. Mzee anasikia kwamba mtu anaongea, lakini hapati herufi kama s, t, f, k na sh. Kwake sita na tisa ni sauti moja. Mwuguzi akimwambia ameze kidonge saa sita, anaweza kumeza saa tisa. Tangazo la uhakiki wa wanaolipwa pensheni likisomwa kwa kipaza sauti, yeye anafika siku nyingine au saa nyingine. Watu humwona mkaidi au aliyechanganyikiwa, na wapo walioandikiwa kuwa wamepoteza kumbukumbu kabla masikio yao hayajapimwa.

Kumpigia kelele hakusaidii. Kaa mbele yake penye mwanga, sema taratibu, maneno machache, kisha mwombe arudie alichosikia. Namba ziandikwe kwenye karatasi. Hili halina gharama, na lingeanza kesho kwenye kila zahanati kama kungekuwa na maelekezo.

Kabla ya kifaa cha kusikia, sikio litazamwe kwa taa maalumu. Wengine wana nta tu iliyoziba. Lakini aliyewahi kuwa karibu na mlipuko anaweza kuwa na ngoma ya sikio iliyotoboka, na huyo asipigwe maji sikioni kabla ya kuchunguzwa, kwa sababu maji yatapeleka vijidudu ndani. Vifaa vya kusikia vilivyowahi kugawiwa vingi vimelala masandukuni kwa sababu mbili: betri ndogo za zinki hudumu wiki moja hadi mbili tu na huku vijijini hazipatikani, na kipande kinachoingia sikioni hakikufinyangwa kwa umbo la sikio la mwenyewe, kwa hiyo kinapiga filimbi na kuumiza. Kifaa bila betri za mwaka mzima na bila kipande chake si msaada. Kuna pia mlio wa ndani ya sikio usiokoma, ambao humnyima mtu usingizi; hauna dawa ya kuuondoa, ila mzee akielezwa kwamba hauui, na akiwekewa redio kwa sauti ya chini usiku, wengi hupata nafuu.

3. Vyuma vilivyobaki mwilini

Baadhi ya wazee bado wana vipande vya bomu au risasi. Madaktari wa wakati ule waliacha vilivyokuwa vigumu kuvitoa bila madhara, na uamuzi huo ulikuwa sahihi. Kasoro ni kwamba hakuna maandishi. Mzee akipata kiharusi na kupelekwa kwenye kipimo cha MRI, sumaku ya mashine inaweza kukivuta kipande cha chuma kilicho karibu na jicho, mshipa mkubwa au uti wa mgongo. Risasi ya madini ya risasi iliyokaa ndani ya kiungo, kama goti, huweza kuyeyuka polepole kwenye maji ya kiungo na kuingiza sumu mwilini. Picha moja ya eksirei na kadi ndogo inayosema kipande kipo wapi vingemaliza suala hili. Kila mzee aliyejeruhiwa apate kadi hiyo, mara moja, na nakala ibaki kwenye faili lake.

4. Dawa za kila siku, na usiku usiolalika

Presha, kisukari na tezi dume ndiyo magonjwa ya umri huu. Mgonjwa ambaye hali yake imetulia, anayetumia amlodipini miligramu 5 mara moja kwa siku na metformini miligramu 500 mara mbili, anahitaji vidonge 90 na 180 kwa miezi mitatu. Badala yake hupewa vya mwezi mmoja, au vya wiki mbili, kisha anaambiwa akanunue. Nauli ya bodaboda kwenda na kurudi hupita bei ya dawa yenyewe. Anapokosa nauli anagawa kidonge nusu, na presha inapanda bila dalili hadi siku ya kiharusi.

Hapa hatuombi jambo jipya. Nchi yetu imekwisha kuwapa watu wanaotumia ARV na ambao hali zao zimetulia dawa za miezi mitatu hadi sita kwa mkupuo mmoja, na utaratibu huo umefanya kazi. Ugawaji huohuo uwafikie wazee wa presha na sukari.

La pili linahitaji uangalifu wa mganga. Wazee wengi hawalali: ndoto za vita, kushtuka kwa mlipuko wa baruti kwenye machimbo ya mawe au fataki za harusi, hasira ya ghafla, kujitenga. Wengine hutafuta usingizi kwenye pombe, ya rubisi na ya gongo. Wanapothubutu kusema, huandikiwa amitriptilini. Dawa hiyo ina kazi yake, lakini kwa mwanamume mwenye tezi dume iliyovimba inaweza kufunga mkojo kabisa, na hata vidonge vingine vya mafua hufanya hivyo. Mzee anayeshindwa kukojoa usiku kijijini, mbali na mpira wa mkojo, yuko hatarini. Kabla ya kuandika dawa ya usingizi, aulizwe: mkojo unatoka kwa nguvu? Unaamka mara ngapi usiku? Maswali mawili tu. Na zaidi ya dawa, wazee hawa wanahitaji kuongea. Kikao cha wazee wanane au kumi, mara mbili kwa mwezi, kikiongozwa na mwuguzi aliyefundishwa afya ya akili, hufanya kazi ambayo kidonge hakiwezi. Aliyepita Lukaya anamwelewa mwenzake aliyepita Lukaya bila maelezo marefu.

5. Uhakiki

Tunaelewa kwa nini uhakiki upo. Fedha za umma hazipaswi kulipwa kwa jina la marehemu. Lakini namna unavyofanyika inawaadhibu walio hai.

Majina ndiyo chanzo kikubwa. Kijana wa 1978 aliandikishwa kwa jina la ubatizo na la baba. Kwenye kitambulisho cha NIDA ameandikwa kwa jina la ukoo. Benki ina herufi moja tofauti. Mwaka wa kuzaliwa ulikadiriwa wakati wa kuandikishwa na ukakadiriwa tena baadaye. Anaagizwa alete hati ya kiapo, anailipia, anarudi, anaambiwa haikutaja jina la tatu. Orodha moja ya makosa yanayokubalika, ikibandikwa ukutani pamoja na mfano wa hati iliyojazwa vizuri, ingeokoa safari nyingi.

Alama za vidole ni kikwazo kingine. Mikono iliyoshika jembe na panga kwa miaka 40 imelainika, na mashine haisomi. Anayefanya kazi hiyo ajue kwamba vidole vioshwe kwa maji ya uvuguvugu, vipakwe glisirini au mafuta kidogo, vifutwe, kisha vijaribiwe vyote kumi, kwa kuwa kidole cha pete au cha mwisho mara nyingi husomeka pale gumba liliposhindwa. Ikishindikana kabisa, picha ya uso na ushahidi wa mtendaji wa kijiji vikubalike. Kumrudisha mtu nyumbani kwa sababu kidole chake kimechakaa kwa kulima si haki.

Na asiyeweza kutembea afuatwe. Mtendaji anamjua. Mwenyekiti wa kitongoji anamjua.

6. Mgambo

Hili ndilo linalouma kuliko yote, na ndilo linalokwepwa zaidi.

Jeshi la wakati ule lisingetosha peke yake. Mgambo waliitwa kutoka vijijini, wakapewa mafunzo ya haraka, wakavuka mto Kagera pamoja na askari wa kudumu. Vita vilipokwisha, Juni 1979, walirudi kwenye vibanja vyao. Wengi hawana hati ya kuachishwa jeshi, hawana namba, hawana pensheni, na hawana haki ya kutibiwa hospitali za jeshi. Wana makovu.

Tunajua jibu: walikuwa wa kujitolea, hapakuwa na mkataba, na tukifungua mlango watajitokeza wasiohusika. Jibu hilo lina hoja moja ya kweli, ile ya wasiohusika, na hoja hiyo ina tiba. Aliyekuwepo anaweza kutaja mahali alipopata mafunzo, kiongozi wa kombania yake, njia aliyopita na mwezi aliofika kila mahali. Maelezo hayo yalinganishwe na ya askari wawili wenye hati waliokuwa kikosi hichohicho, kila mmoja ahojiwe peke yake. Iangaliwe medali kama ipo, barua, picha, kumbukumbu za kijiji za waliotumwa. Mshauri wa Mgambo wa Wilaya na wazee wa kijiji wakae pamoja na kutoa uamuzi kwa maandishi wenye sababu, na aliyekataliwa awe na mahali pa kukata rufaa. Kazi hii inawezekana sasa. Baada ya miaka kumi hapatakuwa na mashahidi.

7. Miradi

Mzee mstaafu hataki kukaa bure. Lakini miradi inayoletwa mara nyingi imebuniwa na mtu asiyefikiria mwili wa anayeipokea.

Vifaranga 100 wa nyama hula mifuko saba hadi minane ya chakula ya kilo 50 hadi kuuzwa kwenye wiki ya tano au sita. Kuleta vifaranga bila chakula ni kuleta msiba. Kwa mzee, kuku wa kienyeji 15 hadi 20 wanatosha, kwenye banda lililoinuliwa usawa wa kiuno ili asiiname, na chanjo ya kideri ya matone, aina ya I-2, tone moja kwenye jicho kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wake na ikishafunguliwa haikai, kwa hiyo nyumba kumi zichanje siku moja. Mpango wa kijiji wa siku hiyo una thamani kuliko vifaranga elfu.

Mizinga ya nyuki imeletwa kwa watu wenye mguu mmoja. Nyuki wetu ni wakali na asiyeweza kukimbia hapaswi kuwafungulia peke yake. Nyuki wadogo wasiouma wangemfaa zaidi; asali yao ni kidogo lakini bei yake ni nzuri, na mzinga unaning'inia barazani.

Kwenye migomba, mnyauko unapunguzwa kwa kazi ambazo mzee anaziweza: kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda bila kutumia panga, na kupitisha panga kwenye moto au kulichovya kwenye maji ya klorini kabla ya kuhamia shina jingine. Akipewa kijana wa kusaidia ngazi na mizigo, kibanja chake kinapona.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri imegawiwa wanawake asilimia 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2. Mzee asiye na ulemavu unaotambulika hayumo popote. Magoti yaliyokwisha kwa kutembea na mzigo hadi Uganda hayahesabiwi. Tunaomba hilo litazamwe upya.

8. Kumbukumbu

Jenerali David Musuguri, aliyeongoza Divisheni ya 20 katika vita hivyo, alifariki mwaka 2024 akiwa na miaka 104. Majina ya makamanda yamo vitabuni. Ya dereva, mpishi, mbeba machela na mpiga redio hayamo, na wanazikwa nayo.

Wengi hawasemi kwa sababu waliapa. Mzee wa miaka 70 anaogopa kutaja kikosi chake mbele ya mjukuu. Tunaomba tamko la maandishi, fupi na la wazi, likieleza nini ni ruhusa kusimuliwa kuhusu vita vya 1978–1979 na nini bado ni siri. Bila hilo kila mpango wa kurekodi utakwama mlangoni.

Kurekodi kwenyewe kunawezekana kwa simu nzuri. Asubuhi, kabla hajachoka. Dakika 40 basi. Chumba kisicho na bati linalopigwa na mvua. Simu kwenye kitambaa, karibu na kifua chake. Awekewe ramani ya Kyaka hadi Kampala aonyeshe kwa kidole. Asiulizwe kwanza alimuua nani. Aulizwe walikula nini, walilala wapi, nani alikuwa kushoto kwake. Atie sahihi nani anaweza kusikiliza. Nakala mbili: moja abaki nayo mwenyewe kwenye kadi ndogo, nyingine iende kwenye nyaraka za Taifa. Hati na picha zipigwe picha kabla mchwa hawajazifikia. Magofu ya kanisa pale Kyaka yawekewe maelezo, na wazee waliopigania eneo hilo ndio waulizwe yaandikwe nini.

Kuhusu fedha

Tutaambiwa bajeti haitoshi. Tumeeleza mambo mengi humu ambayo hayahitaji fungu jipya: maelekezo kwa wauguzi, karatasi ukutani, dawa zilezile zikigawiwa kwa muda mrefu zaidi, tamko la ukurasa mmoja. Yanayohitaji fedha, tunaomba yapimwe dhidi ya gharama ya kumkata mtu mguu mara ya pili na kumlaza miezi. Tutaambiwa pia kwamba hospitali za jeshi zipo kwa ajili ya wastaafu. Zipo, na zinafanya kazi nzuri, lakini mlango wake uko mamia ya kilomita kutoka kwa wengi wao.

Tunachoomba

Kwanza, daftari moja la kila wilaya la askari wastaafu na mgambo waliopigana, likionyesha majeraha, vyuma mwilini, viungo bandia na dawa. Pili, ziara ya fundi wa viungo bandia na mpimaji wa masikio angalau mara mbili kwa mwaka katika kila wilaya yenye wazee hawa. Tatu, dawa za miezi mitatu kwa waliotulia. Nne, uhakiki ufanyike kijijini, na nyumbani kwa asiyetembea. Tano, kamati ya kuwatambua mgambo, yenye muda maalumu wa kumaliza kazi. Sita, tamko la kumbukumbu.

Tunaomba jibu la maandishi kwa kila hoja kwa namba yake, likitaja afisa atakayewajibika na tarehe ya kuanza. Pale ambapo jibu ni hapana, tunaomba sababu. Tuko tayari kukaa na watendaji wenu, kuleta vipimo na orodha za vifaa, na kuwapeleka kwenye nyumba za wazee ambao hawawezi kufika ofisini.

Wenu katika kulitumikia Taifa,

Mafundi wa viungo bandia, wauguzi na familia za maveterani,
Missenyi, Kagera